Starlet ya Tabo: Mafuta Kwanza, Presha Baadaye

Nilishika pampu miaka minne kabla ya kushika spana. Kituo kilikuwa njia ya kutokea mjini, sitakitaja, nami nilikuwa binti wa fulana ya kampuni na vidole vinavyonuka petroli hata kwenye ubwabwa wa jioni. Baadaye mjomba akanichukua gerejini kwake Ngamiani, hapa Tanga, akaniweka kuosha vyuma karibu mwaka mzima. Sasa gereji naiendesha mimi, na vijana wenye Toyota Starlet Glanza wananiita shangazi. Nawaandikia wao, pamoja na yeyote mwenye kigari kidogo cha tabo (ile feni inayozungushwa na moshi wa injini, ikasukumia injini hewa) anayetaka kikimbie zaidi bila kukiua.

Juzi Jumamosi alikuja mmoja kutoka Makorora. Akaegesha kivulini, boneti bado inafuka joto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Inasumbua nini?"

"Haisumbui. Nataka itembee tu."

Akanipa simu nisome orodha yake: eakilina (filta ya hewa) ya koni, ile valvu ya kupiga pshhh ukiachia mafuta, ekzosi ya inchi tatu, na kidude cha kupandishia presha ya tabo. Nikamuuliza anaweka mafuta gani.

"Popote taa ikiwaka, shangazi. Kwani petroli si petroli?"

Basi tuanzie hapo.

Injini hii ilizoeshwa kunywa nini

Glanza V ni Starlet ya mwisho mwisho. Toyota waliiuza Japani kuanzia 1996 hadi 1999. Ndani yake mna injini ya 4E-FTE, cc 1331, nguvu ya farasi 135 kwenye gari lisilofika tani moja, na ndiyo maana likikanyagwa vizuri linamshangaza mwenye gari kubwa. Ipo pia Glanza S, inafanana nayo lakini haina tabo. Usinunue kwa kibandiko. Fungua boneti, tabo haijifichi.

Tabo yake ni CT9, na inasukuma hewa kwa hatua mbili: ya chini 0.4, ya juu 0.65. Kipimo hicho cha presha ni baa. Si baa ya bia wala baa la njaa, ingawa nimeona watu wakipata hilo la njaa kwa kuchezea hii ya presha.

Gari hili lilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani. Kule petroli ya kawaida sharti ifike oktani 89, ya juu sharti ifike 96, na pampu nyingi huuza ya juu inayokaribia 100. Wahandisi walipopanga plagi iwashe wakati gani, walikuwa na kinywaji hicho mkononi.

Oktani si nguvu. Hili nimelirudia mpaka mate yamenikauka. Petroli ya oktani 98 haina moto mwingi kuliko ya 91. Kilicho kikubwa ni uvumilivu wake: inabanwa, inapashwa joto, na bado inasubiri cheche ya plagi ndipo iwake. Ile ya oktani ndogo ni kama mtu mwenye hasira za karibu, ukimsogelea tu keshalipuka. Kwenye Starlet ya kawaida isiyo na tabo, petroli ya bei juu ni sadaka kwa mwenye kituo. Kwenye ya tabo hewa imeshabanwa kabla hata ya kuingia kwenye silinda, halafu pistoni inaibana tena mara nane na ushee. Joto linapanda. Petroli isiyo na subira inajiwasha yenyewe upande wa pili wa silinda huku moto wa plagi ndiyo kwanza unatembea, na pistoni inapigwa kama nyundo inavyopiga fuawe. Huko ndiko kugonga.

Na mnaosoma ushauri wa Wamarekani mitandaoni, angalieni namba. Wao kwenye pampu huandika wastani wa vipimo viwili, kwa hiyo 91 yao inakaribia 95 au 96 kwa kipimo tunachotumia sisi na Wajapani. Kijana akisoma "mimi naweka 91 na napiga presha ya baa moja", akaiga, amejichimbia shimo.

Kanuni yangu ni moja, na mengine yote humu yanatoka kwayo: injini ya tabo isetiwe kwa lita mbaya kuliko zote utakazoinywesha, isisetiwe kwa ile nzuri. Hata nikijua kituo fulani kina petroli safi, mimi huseti kana kwamba ni 91. Gari linakwenda Handeni kwenye msiba, linakwenda Lushoto kwenye harusi, na kule hutachagua.

Kuchagua kituo

Siri ya pampu nawapa bure. Mafuta yetu huagizwa kwa pamoja. Meli hushusha Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, na shehena ya meli moja hugawanywa kwa makampuni kadhaa. Kwa hiyo rangi za kituo hazikuambii mengi kama mnavyodhani. Bei nayo haikuambii kitu, maana EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na wengi hukaa hapo hapo kwenye kikomo. Tofauti inaanzia kwenye tangi la chini ya ardhi: linasafishwa? Linapimwa maji? Mafuta yanakaa humo siku ngapi?

Chagua kituo chenye foleni. Kinachouza haraka kina mafuta mapya. Kituo chenye pampu mbili na paka mmoja aliyelala, mafuta yake yanaweza kuwa yamekaa wiki nyingi, na petroli ikikaa inapoteza ile sehemu nyepesi inayowaka kwa urahisi.

Ukikuta lori linashusha, pita. Enzi zangu tulikuwa tunaona kabisa: lori likishusha, tope na maji yaliyotulia chini ya tangi vinavurugwa, halafu gari la kwanza kujaza ndilo linalovuta uchafu. Subiri nusu saa, kanywe kahawa na kashata. Masika ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mfuniko wa tangi uliolegea unapitisha maji. Asubuhi tulikuwa tunashusha kijiti kilichopakwa dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Muulize binti wa pampu kama wamepima leo. Akikushangaa, na wewe shangaa.

Kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulipungua baada ya serikali kupandisha kodi ya mafuta hayo ya taa mwaka 2011, faida ikafa, na siku hizi mafuta hutiwa vinasaba (alama ya kemikali) ili wakaguzi wajue yaliyochezewa. Lakini mafuta ya taa yana oktani duni sana, na kidogo tu kinaharibu tenki zima. Ukiwa na wasiwasi, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe, upepee. Petroli safi inakauka bila alama ya maana. Ikibaki duara la mafuta kama karatasi ya maandazi, hiyo si petroli peke yake. Weka nyingine kwenye chupa ya kioo ikae usiku kucha, maji yote yatakuwa chini asubuhi. Na dai risiti kila ukijaza. Siku injini ikigonga utakuwa na karatasi ya kupeleka EWURA.

Zile chupa za kuongeza oktani zinazouzwa dukani zisikudanganye kwa herufi kubwa. Nyingi huandika "pointi", na pointi kumi ndizo zinazofanya oktani moja. Iliyoahidi kupandisha pointi 30 imekuahidi oktani 3, tena kwa tenki dogo. Nyingine huacha vumbi la rangi ya kutu kwenye plagi, likizidi cheche inapotea njia. Petroli ya ndege aliyoniletea mteja mmoja kwenye dumu nilimrudishia, kwa sababu ina risasi, na risasi inaua sensa ya oksijeni na kisafishio cha ekzosi. Tina ya rangi ya gari sitaki hata kuijadili.

Kipande kilicho mezani kwangu

Risiti za mezani kwangu zinashikiliwa na pistoni. Kaskazi ikivuma pale Ngamiani karatasi zinaruka, kwa hiyo nimeiweka juu yake. Ukiigeuza utaona ule ukingo mwembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili umemeguka, kipande cha upana wa ukucha. Pistoni hiyo ni yangu. Mwaka 2017 nilikuwa na Glanza nyeupe na nilijiona najua.

Nilikata mpira unaopeleka presha kwenye westigeti, nikaingiza kivalvu kidogo cha tangi la samaki wa mapambo. Ujanja wake ni mwepesi: westigeti ndiyo mlango unaofunguka kuruhusu moshi upite pembeni tabo isizidishe. Ukivujisha kidogo ule upepo unaoifungua, inachelewa, presha inapanda. Nikaipeleka 0.9. Hapa Tanga, barabara tambarare, usiku, ilikuwa raha tupu.

Kisha harusi Lushoto. Korogwe sikujaza, nikajiamini. Mombo taa ikawaka, foleni ndefu kituoni na wenzangu wamechelewa, nikanunua chupa tano za lita moja zile wanazowauzia bodaboda, nikamimina. Kutoka Mombo unapanda kilomita kama 33 za kona, hadi karibu mita 1,400 juu ya bahari. Gari lina watu wanne na sufuria. Gia ya tatu, mwendo mdogo, mguu mzito: tabo inasukuma kwa nguvu zote na upepo wa kupoza haupo. Kabla ya Soni nikasikia sauti kama bisi zinaanza kupasuka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Tik, tik-tik. Shemeji akaongeza redio. Nami nikaendelea kukanyaga, kwa sababu tulikuwa tumechelewa.

Tulifika. Wakati wa kurudi moshi wa buluu ulikuwa unatufuata kama jamaa anayedai, na kijiti cha oili kilikuwa kimesukumwa nje na presha iliyokuwa inapita kwenye ringi. Nilipotoa plagi ya silinda ya tatu, juu ya kaure yake nyeupe palikuwa na vichembe vinavyometa kama vumbi la fedha. Hiyo ilikuwa pistoni yangu, imehamia kwenye plagi.

Kabla ya kununua chochote

Turudi kwa kijana wa Makorora. Nilimwambia weka funguo, usiwashe, zungusha mpaka taa za dashibodi ziwake. Zikawaka zote isipokuwa ya injini. Nikafungua dashibodi: balbu hakuna. Aliyemuuzia alikuwa ameichomoa. Nikaweka balbu, nikachukua waya wa karatasi, nikaunganisha matundu mawili kwenye kile kiboksi cha plastiki chini ya boneti, yaliyoandikwa TE1 na E1. Magari ya umri huu hayahitaji mashine ya kusomea, taa yenyewe inaongea. Ikapepesa mara tano, ikapumzika, ikapepesa mara mbili. Hamsini na mbili: sensa ya kugonga.

Sensa hiyo ni sikio la kompyuta. Ikipotea, kompyuta kwa woga inachelewesha cheche kabisa ili kuilinda injini, na gari linakuwa zito. Nikafuata waya mpaka nyuma ya injini. Panya. Wameutafuna wakaacha shaba tupu. Nikaunga, nikauvika mpira mpya, nikafuta kumbukumbu ya kompyuta, nikamwambia azungushe mpaka Pongwe.

Alirudi macho yamemtoka. "Shangazi, umeweka nini?"

"Waya."

Kwa hiyo kagua kwanza. Pima mgandamizo wa silinda zote nne injini ikiwa ya moto na mguu umekanyaga mafuta mpaka chini. Namba yenyewe inategemea geji ya fundi, unachotafuta ni usawa. Silinda isipishane na mwenzake zaidi ya kilo moja kwenye geji, karibu baa moja. Ikipishana, hela yako iende kwenye ringi. Kagua mipira yote midogo ya upepo, maana baada ya miaka ishirini na zaidi imekuwa kama biskuti. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye mabomba ya tabo na utafute mapovu. Badilisha filta ya mafuta. Pima presha ya pampu ya mafuta gari likiwa na mzigo. Likiwa limesimama linanguruma tu hutajua kitu. Pampu iliyochoka inatosha gari likinguruma tu lakini likikanyagwa inakosa pumzi, mchanganyiko unakuwa mkavu, na mkavu ni moto.

Themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, iwepo! Mafundi wetu wana ugonjwa wa kuitoa, eti Tanga ni joto. Ukiitoa injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi, inamwaga mafuta mengi, na silinda inalika. Tatizo la joto ni rejeta iliyojaa kutu kwa sababu mtu alitia maji ya kisima. Visima vyetu vya karibu na bahari vina chumvi, tia kulanti, maji maalumu ya rejeta. Oili iwe ya tabo, ya sintetiki, kilomita elfu tano uibadilishe, wala usitie ile ya kupima kutoka kwenye pipa. Ekseli ya tabo inaelea kwenye oili hiyo. Ukitoka safari ya mbio, liache gari lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isiungulie ndani.

Sasa hela itoke

Cha kwanza ni geji mbili. Moja ya presha ya tabo, nyingine ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta, ile ya sensa ya waidibendi. Sensa ya gari yenyewe haifai kwa kazi hii, inajua vizuri karibu na 14.7 tu (kilo za hewa kwa kilo moja ya mafuta), na tabo ikisukuma unataka kuona 11.5 hadi 12 hivi. Ukiona inapanda kwenda 13 huku umekanyaga, achia. Vijana huona geji ni pambo la kuweka mwisho. Mimi sipandishi presha ya gari lisilo na geji, hata unipe mbuzi.

Nina kifaa kingine cha kienyeji. Nilichukua bomba la shaba la friji, nikalipondaponda ncha moja, nikalitoboa na kulifunga kwa bolti kwenye ubavu wa injini. Ncha ya pili nikaiunga na mpira mrefu unaopita dirishani mpaka kwenye kizibo cha masikio. Mwenzako anaendesha, wewe umekaa kama daktari. Injini nzima inasikika kama cherehani, na ikigonga, huwezi kukosea: ni punje ya mchele imeanguka kwenye bati.

Cha pili, joto. Intakula ya Glanza, kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, imekaa juu ya injini, inapata upepo kwa tundu la boneti. Unapokwenda inafanya kazi. Ukipita matuta ya Muheza kwa mwendo wa konokono, au ukisimama Segera kununua machungwa, inapikwa na injini iliyo chini yake, na ukiondoka dakika kadhaa za mwanzo unasukuma hewa ya moto ndani ya silinda. Hewa ya moto inaleta kugonga, hata kwa petroli nzuri. Kwa presha ya kiwandani intakula hiyo inatosha, ilimradi mipira ya kuzunguka tundu iwepo hewa isipotee pembeni. Ukitaka kuvuka hapo, hamishia ya mbele, nyuma ya bampa. Nunua ya wastani. Nimeona watu wakifunga dude la lori linaloziba rejeta nzima, halafu Desemba gari linachemka Chumbageni mchana. Na kila kiungo cha bomba kiwe na klipu ya bolti, kwa sababu ile ya kuzungusha kwa bisibisi huteleza.

Cha tatu, ekzosi. Inchi mbili na nusu zinatosha kwa cc 1331. Kipande chenye faida kubwa ni kile cha kwanza kinachotoka kwenye tabo. Huku nyuma unalipia sauti. Simama na fundi wa kuchomea akuonyeshe ndani ya bomba kabla ya kuunga kona, maana wengine huacha vinundu vya weldingi ndani vinene kama karanga, na umelipia bomba pana lenye koo jembamba. Ujue pia kwamba ekzosi ikipumua sana presha inaweza kupanda yenyewe kuliko ulivyoseti, kwa sababu kimlango cha westigeti ni kidogo. Ndiyo maana geji ilitangulia. Na uweke silensa, jamani. Jirani yangu mzee alinifuata Ramadhani baada ya tarawehe kwa ajili ya gari la mteja, na sikuwa na la kujitetea.

Plagi ziwe baridi (yaani zinazotoa joto haraka) kwa hatua moja kuliko za kiwandani ukipandisha presha, na pengo lipungue hadi milimita 0.7 hivi ili upepo usiizime cheche. Kwa NGK na Denso namba kubwa ndiyo baridi zaidi.

Sasa presha. Tupige hesabu ya dukani. Injini inavuta hewa ya dunia, baa moja, ukijumlisha 0.65 ni 1.65. Ukipandisha hadi 0.85 ni 1.85. Umeongeza hewa asilimia 12. Kwenye karatasi farasi 135 wanakuwa 151, na kwa kuwa hewa iliyobanwa zaidi ni ya moto zaidi, hawafiki wote. Kwa farasi hao kumi na kitu unahitaji intakula ya mbele, pampu nzima, geji, plagi na petroli isiyo na hasira. CT9 yenyewe ni tabo ndogo. Ukiisukuma mbali inageuka kuwa kikaushio cha nywele, inatoa joto kuliko hewa.

Presha ikivuka mpaka, kompyuta ya kiwandani inakata mafuta. Utajua: ni kama mtu amekanyaga breki ghafla. Kuna vidude vya kuidanganya kompyuta isione presha. Usivifunge peke yake. Umemfumba macho mlinzi na mlango umeacha wazi. Ukitaka kupita pale sharti uongeze nozeli (vinyunyizio vya mafuta) kubwa na kompyuta inayoweza kusetiwa upya, na hiyo ni safari ya Dar na hela ya kiwanja.

Kijana wangu nilimuachia 0.7 kwa kidude cha kufaa. Kile cha samaki ninacho bado kwenye droo kama ushahidi. Eakilina ya koni nilimkatalia: chini ya boneti inavuta hewa ya moto ya injini, na hewa ndiyo tunayotaka baridi. Filta ya kiwandani iliyo safi, ndani ya boksi lake, inashinda. Ile ya pshhh ni muziki. Ukitaka muziki sawa, lakini isivuje ukiwa umekanyaga.

Kusimama

Tairi lina namba nne ubavuni. Zikisomeka 2319 limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. La mtumba lenye mistari mizuri na umri wa miaka kumi ni gumu kama sahani, liache. Mafuta ya breki yawe DOT 4 na yabadilishwe kila miaka miwili, kwa sababu yananyonya unyevu wa hewa na sisi tunaishi mdomoni mwa bahari. Ukishuka kutoka Lushoto yakiwa yamenyonya, yanachemka na pedali inakwenda chini kama godoro. Shuka kwa gia. Na kibao cha 50 ni 50. Trafiki mwenye tochi nje ya Muheza haulizi presha.

Baada ya kilomita 500

Rudi. Hata kama linakwenda vizuri, rudi asubuhi injini ikiwa baridi, tutoe plagi zote nne na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda juu ya gazeti. Mwanga wa jua, si wa simu. Rangi ya chai ya maziwa, vizuri. Nyeusi na kavu kama masizi ya jiko, mafuta mengi, tutapunguza. Nyeupe kama chaki, mchanganyiko mkavu au plagi ni ya moto mno. Chukua lenzi ile ya kusomea Kurani ya maandishi madogo, angalia kaure taratibu kuizunguka. Ukiona hata vichembe viwili vya kumeta, rudisha presha 0.65 jioni hiyo hiyo, toa mafuta yaliyomo kwenye tenki, kisha niambie ulijaza wapi.